Sadaka ya Kruzi

Tangazo lenyewe liliingia kwa simu ya Mutheu siku ya Jumatatu, na lilikuwa na maua mengi kuliko kadi ya harusi. Lilisema hivi: kruzi ya jioni katika bwawa la Kwa Muindi, Jumamosi hii, kuanzia saa kumi na moja na nusu. Chakula hadi ushibe, bendi, mchekeshaji, na glasi moja ya juisi ya kukukaribisha. Watu wawili, shilingi elfu nane. Malipo kabla ya Ijumaa saa sita mchana, na pesa ikishaingia hairudi. Chini kabisa kulikuwa na picha ya boti yenye taa za Krismasi, na mtu mwenye macho makali angeona kwamba nyuma ya boti hiyo ng'ombe watatu wanakunywa maji.

Mutheu, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa nyumbani akingoja kuitwa chuo, alimpa mamake simu ili wacheke pamoja. Kaluki alifuta mikono kwa aproni, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaangalia boti, akaangalia meza, akaangalia mhudumu mwenye tai ya kipepeo aliyebeba trei. Hakucheka. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, "Mimi nataka hiyo."

Mumewe, Bartholomew Wathome, alikuwa anakunywa chai. Ndiye aliyecheka. Alicheka peke yake kwa muda, kisha akaona kicheko hakina mwenzake, akakimeza na chai.

Kaluki alikuwa na kibanda cha chakula karibu na soko la Machakos. Miaka kumi na minne alikuwa akiamka kabla ya jogoo, akichemsha muthokoi wa mahindi na maharagwe, kisha kutwa nzima wanaume wanakaa kwa benchi zake, wanagonga meza kwa kijiko na kusema mama ongeza supu. Yeye mwenyewe alikula amesimama, kutoka kwa sufuria, kile kilichoshika chini. Alipomweleza mumewe sababu, alieleza mara moja tu. "Sitaki zawadi. Nataka kukaa chini niletewe. Mtu aniulize kama naongeza."

Wathome alikuwa fundi wa makochi, na fundi wa makochi hupima kila kitu kwa sponji. Elfu nane ilikuwa sponji ya kochi zima, ile ngumu, isiyobonyea hata ikikaliwa na shemeji mnene. Na hii kruzi ingebaki na nini Jumapili asubuhi? Alitafuta sababu ya kukataa, akazipata nyingi, lakini hakuna hata moja iliyokubali kusemwa kwa sauti. Shida ilikuwa kwamba mwanamume asiye na pesa ana jibu. Yeye alikuwa nazo. Alilipwa Jumamosi iliyopita kochi la watu saba, noti juu ya noti, Kaluki akiwa amesimama pale pale ameshika ufagio.

"Wacha kwanza nifanye uchunguzi," akasema, kama mtu wa serikali.

*

Uchunguzi ulimpeleka kwa Ndunda, askari wa lango la bwawa, siku ya Jumatano. Ndunda alikuwa amepanda ile boti mara moja, siku ya uzinduzi, kwa sababu viti vilikuwa vimebaki na mpiga picha alitaka vionekane vimejaa. Walimvua kofia ya kazi, wakamkopesha koti, wakamweka kando ya mama mmoja asiyemjua.

Ndunda alisema atatoa ukweli mtupu, maana Wathome alimtengenezea kochi na halijawahi kulia. Boti ile, alisema, inazunguka bwawa mara sita. Raundi ya kwanza unajihisi waziri. Ya pili chakula kinaletwa, na chakula hakina shida: kuku, samaki, pilau, na majani fulani ya kijani ambayo yeye aliyala na baadaye akaambiwa ni mapambo. Kuanzia raundi ya tatu unamjua kila ng'ombe kwa jina. Bendi ni watu watatu na spika. Mchekeshaji anawasimulia Wakamba vichekesho kuhusu Wakamba, na wanacheka kwa sababu hakuna mahali pa kukimbilia.

"Sasa inafaa ama haifai?" Wathome akauliza. Alitaka neno moja la kupeleka nyumbani.

Ndunda alijikuna shingo. "Inategemea unaenda na nani. Mimi nilienda peke yangu, na bibi yangu akaona picha. Mpaka wa leo, nikimwambia aniletee chai, ananiambia nizunguke kwanza."

Wathome akaishika ile sehemu ya raundi sita na kuiacha hiyo ya bibi ya Ndunda. Njia nzima alijipangia hotuba. Angemwambia Kaluki kwamba si meli, ni kitu cha kuzunguka kama kuku aliyepotea, na kwamba kwa elfu moja na mia tano yeye mwenyewe angechinja jogoo wawili nyumbani. Nani angewapika hao jogoo, hotuba haikufika hapo.

*

Mlangoni alikuta viatu vya plastiki vya samawati, vimepangwa sawasawa, vikitazama nje. Hotuba ikaganda. Mama mkwe alikuwa amefika.

Kavutha, mamake Kaluki, alikuwa ametoka Muthetheni kuja kliniki ya macho siku ya Ijumaa. Kati ya Mkamba na mama mkwe wake kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni aibu, lakini ni aibu ya heshima: hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mambo ya chakula na tumbo hayatajwi kati yao. Mjini watu wengi wameilegeza. Kuna mkwe huko Mavoko anayetumiana vibonzo kwa simu na mama mkwe wake. Kavutha hakuilegeza hata uzi mmoja. Miaka ishirini alikuwa hajawahi kumwambia Wathome neno moja kwa moja. Alisema, "Mwambieni Baba Mutheu nimefika salama," na Baba Mutheu, aliyesimama hatua mbili kutoka hapo, akajibu, "Mwambieni susu karibu," maana ndivyo Mutheu alivyomwita nyanyake. Mutheu alikaa katikati kama mlingoti wa mtandao.

Lakini safari hii aibu ya heshima ilikuwa na mwenzake, na huyu hakuwa na heshima yoyote. Mwezi wa tatu jicho la kulia la Kavutha lilikuwa limefungwa na mtoto wa jicho, na Kaluki akamwomba mumewe wachangie upasuaji. Wathome alisema mkono umekauka. Wiki hiyo hiyo alirudi nyumbani na kompresa mpya na bunduki yake ya stepla, akiwa ameibeba begani kama mtu aliyetoka kuwinda. Kavutha aliuza mbuzi watatu, akapasuliwa, akashukuru Mungu, na hakusema kitu. Angelalamika ingekuwa afadhali. Mtu anayelalamika unaweza kumkasirikia.

Basi walikuwa wamekaa hivyo, Kavutha ndani karibu na kabati, Wathome mlangoni ametazama ukuta, Kaluki akichungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi, Mutheu alipoona hii ndiyo nafasi ya kumkamata babake. "Susu, umesikia habari? Baba anampeleka mama kruzi Jumamosi."

Kavutha akageuza sikio. "Kulusedi?"

Mutheu akafungua mdomo arekebishe, lakini Kavutha alikuwa ameshainua mikono miwili juu. Na kwa kweli, ukiwa umekaa Muthetheni maisha yako yote, kitu cha jioni chenye taa na spika kinachoanza na sauti hiyo ni kimoja tu. Ni krusedi: jukwaa, mhubiri, na waliopotea wakirudi.

Akaanza kuuliza, na kila jibu lilimzamisha zaidi. Ni ya jioni? Ya jioni, susu. Kuna waimbaji? Kuna bendi. Amesikia siku hizi watu wanapewa hata chakula huko. Wanapewa, susu. Na inafanyiwa wapi?

"Kwa bwawa," Mutheu akasema, kwa sauti ndogo.

"Kumbe kuna ubatizo," Kavutha akasema, na machozi yakamtoka kwa macho yote mawili, lile zima na lile la mbuzi watatu.

Kwa miaka ishirini alikuwa amemwombea mkwe huyu kila Ijumaa. Wathome alikuwa mtu wa kuingia kanisani kwa harusi na matanga, na hata huko alijulikana kwa kulala kabla ya somo la kwanza kuisha. Sasa Kavutha aligeuza uso, si kwa mkwe, bali kwa fremu ya mlango iliyokuwa karibu naye. "Mwambieni Baba Mutheu, Mungu amenisikia."

Mutheu akamtazama babake. Kaluki akamtazama mumewe, mwiko ukidondosha mchuzi sakafuni. Maneno yenyewe yalikuwa manne: si krusedi, ni chakula. Wathome aliyapanga mdomoni. Kisha akawaza kompresa. Akawaza atakavyoonekana, mtu aliyekosa pesa ya jicho na kupata pesa ya kuzungushwa bwawani akilishwa kuku, na akayaona yale maneno manne ni mazito kuliko kochi la watu saba.

"Mwambie susu asante," akasema.

Kavutha alifungua fundo kwenye pembe ya leso. Akatoa noti ya elfu moja iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama pipi, akaiweka mezani, maana mkononi mwa mkwe haingewekwa. Hiyo ni sadaka, alisema. Na saa ya kuombea wagonjwa ikifika, Baba Mutheu alitaje jicho lake, maana bado linaona moshi.

*

Kesho yake saa nne, baada ya watu wa chai na kabla ya watu wa mchana, Wathome alienda kibandani na ile noti mfukoni. Alikuwa amepata dawa. Alisimama kando ya jiko na kusema, kwa sauti aliyoiona ni ya kiume na ya kutubu, kwamba ameamua hawaendi. Ile elfu nane watampa mama anunue miwani. Akangoja sifa zake.

Kaluki alikuwa anakata sukuma. Kisu hakikusimama. "Kwa hivyo miwani ya mama inatoka kwa sahani yangu."

"Ni pesa ya nyumba, Kaluki."

"Mwezi wa tatu pesa ya nyumba ilinunua kompresa." Akasukuma majani pembeni, akaanza shada lingine. "Wewe unataka kulala usingizi. Hiyo ni sawa. Lakini unataka mimi ndiye nikulipie huo usingizi."

Wathome alisema hiyo si haki. Alisema yeye angemrekebisha mama jana, ila kulikuwa na nthoni. Mtu atamtajiaje mama mkwe habari ya kula? Hata wazee wangemlaani.

Sasa kisu kikasimama. "Nthoni ni kutokula naye. Si kumdanganya. Usijifiche nyuma ya kitu cha heshima."

Alikuwa karibu kusema kingine, lakini mteja aliingia, akakaa, akagonga meza kwa kijiko, na Kaluki akaenda. Wathome alibaki pale, mikono ikining'inia. Mteja mwingine, kijana mwenye simu sikioni, alimwona amesimama karibu na birika, akamnyooshea kidole bila kumtazama. "Wewe, sukari." Wathome akaangalia nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Akapeleka sukari. Kijana akapokea, akaongea na simu yake, hakusema asante, hakuinua macho. Akasukuma tu kikombe kando ili aongezewe chai, kama anavyosukuma mtu kiti. Wathome akaongeza.

Kaluki aliona yote na hakucheka. Alirudi jikoni, akainama kupuliza makaa. "Mama akiambiwa ukweli, tutaenda. Asipoambiwa, hatuendi, na hiyo miwani utaitafutia pesa yake. Lakini mimi sitapanda boti kwa jina la Mungu." Akainuka, macho mekundu kwa moshi. "Na haambiwi na mimi."

*

Ijumaa asubuhi Wathome alifunga karakana, akaenda kliniki ya macho. Foleni ilikuwa imekaa kwenye benchi ndefu na viti vichache vya plastiki mwishoni, kila mtu na kadi yake, nusu yao wamezibwa jicho moja. Kavutha alikuwa mwishoni. Mutheu alikuwa ameenda dirishani kuulizia namba, na kwa hivyo mlingoti haukuwepo.

Alifikiri kumngoja. Kisha akajijua: akimngoja, atampa Mutheu maneno ayabebe, na msichana atabeba aibu isiyo yake. Akakaa, akiacha kiti kimoja katikati. Mbele yao ukutani kulikuwa na picha kubwa ya jicho lililokatwa kama chungwa. Akalizungumzia hilo jicho.

"Mwaitu," akasema, yaani mama.

Kavutha alishtuka. Aliangalia huku na huku kumtafuta mtu wa katikati, akakosa, akatazama magoti yake.

"Ile kitu ya kesho si krusedi," Wathome akasema. "Ni boti. Inazunguka bwawa. Watu wanalipa, wanakaa, wanakula." Neno hilo la mwisho lilitoka kama kikohozi. Mzee mmoja kwenye benchi, aliyezibwa jicho la kushoto, akageuza la kulia aone mwanamume anayemtajia mama mkwe chakula.

Muuguzi aliita majina mawili. Kisha Kavutha naye akaliambia lile jicho la ukutani, "Ni pesa ngapi?"

"Elfu nane."

"Mbuzi na mtoto wake," Kavutha akasema.

Hakusema kwa hasira, alisema tu kama mtu anayejua bei. Wathome alihisi joto likipanda kutoka kwa kola mpaka masikioni. Alianza kueleza mambo ya mwezi wa tatu, akasema mkono haukuwa umekauka, akasema alinunua mashine, akasikia sauti yake ikizidi kuwa nyembamba, akaacha hapo hapo katikati. Akatoa ile noti, akaiweka kwenye kiti kilichokuwa kati yao. Kavutha hakuigusa.

"Nimeshaambia kina mama wa kanisa," akasema. "Niliwapigia jana. Tuko kumi na mmoja. Kesho tunafunga kwa ajili yako, kutoka asubuhi mpaka saa moja jioni. Hata maji hatunywi."

"Mwaitu, waambie wasifunge."

"Niwaambie nini? Wasifunge kwa sababu unaenda kula?"

Yule mzee wa jicho moja alikohoa, akajifanya anasoma kadi yake. Aliishika juu chini. Wathome alitamani sana kuitwa jina lake, apelekwe popote, hata apasuliwe.

Kavutha aliuliza, kwa sauti ya chini zaidi, kama ni Kaluki aliyetaka hiyo boti. Wathome akasema ndiyo, ni yeye. Anataka kukaa chini aletewe. Anataka aulizwe kama anaongeza.

Mama mkwe alikunja pembe ya leso yake, akaikunjua. "Mimi sijawahi kuulizwa," akasema. Kisha: "Mpeleke. Lakini hayo ya kufunga usimwambie. Akijua, hatakula."

Mutheu aliporudi aliwakuta wote wawili wanatazama ukuta, na elfu moja iko kwenye kiti haina mwenyewe. Akauliza ni ya nani. Kisha akaitia kwa mkoba wa susu yake. Wathome akatoka nje, akasimama chini ya jua, na saa tano na dakika arobaini akatuma elfu nane kwa ile namba ya tangazo. Ilikuwa pesa rahisi kuliko zote alizolipa wiki hiyo.

*

Jumamosi, Kavutha akiwa ameshapanda gari kurudi Muthetheni, Kaluki alivaa rinda la kijani alilokuwa ameshonewa kwa harusi ya binamu, na viatu vilivyombana. Mumewe alimwambia ukweli wote isipokuwa ule alioagizwa asiseme: kwamba mama ameambiwa, kwamba hakukasirika, kwamba amesema waende. Kaluki alimshika mkono wakipanda ubao wa kuingilia botini, kitu ambacho hakuwa amekifanya hadharani tangu Mutheu azaliwe.

Raundi ya kwanza walikunywa juisi. Raundi ya pili chakula kikaja, na mhudumu alipoinama na trei nzito, Kaluki akainuka ampokee. Ni mikono tu, haikuwa imeambiwa ni Jumamosi. Kijana mwenye tai akamwambia taratibu, "Kaa, mama. Hii ni kazi yangu." Kaluki akakaa. Akaweka mikono mapajani, akaishikilia hapo kama watoto wanaoweza kutoroka, akatazama sahani yake ikijazwa na mtu mwingine.

"Nikuongezee kuku, mama?"

Kaluki alimgeukia Wathome kwanza, ahakikishe amesikia. "Ongeza," akasema. Na kijana aliporudi na mchuzi na kuuliza tena, akasema tena, kwa sauti ya mtu aliyezoea, "Ongeza kidogo tu."

Ilikuwa kama Ndunda alivyosema. Ng'ombe walikuwepo. Bendi ilikuwa watu watatu. Taa za Krismasi ziliwashwa jua likiwa bado juu, na moja kati ya tatu haikuwaka. Wathome alikuwa anahamisha chakula chake, pilau mashariki, samaki magharibi. Saa yake ilisema saa kumi na mbili na dakika kumi. Alijua kina mama kumi na mmoja wako wapi, na tangu lini hawajaweka kitu mdomoni, na kwa sababu ya nani. Kaluki akamuuliza mbona hali.

"Nangoja ipoe."

"Hiyo ni kachumbari, Baba Mutheu."

Simu ya Kaluki ikalia. Akatazama, akafurahi, akaiweka sikioni akiwa bado anatafuna, kitu ambacho hangefanya mbele ya mama yake. Wathome akasikia upande mmoja tu. Ndiyo, mama, wamefika. Ndiyo, amekaa, kiti kina mto. Kuna kuku. Wa kuchoma na wa mchuzi. Kuna samaki, mama, mzima, na kichwa. Pilau ina nyama, na zabibu, ndiyo, zile tamu. Kuna viazi vimekatwa kama maua. Ni wazi kwamba huko Muthetheni kila sahani ilikuwa inaulizwa moja baada ya nyingine, na Kaluki alieleza moja baada ya nyingine, kwa raha, bila haraka, rangi na harufu, na mumewe akawa anaangalia kitambaa cha meza kama mtu anayetafuta kasoro ya mshono.

Kisha Kaluki akashusha simu, uso umejaa mshangao. "Anakutaka wewe."

Wathome akaipokea. Akageuka, akatazama maji, kama vile mama mkwe angekuwa ameketi mezani.

"Baba Mutheu." Hakukuwa na fremu ya mlango wala mlingoti. Nyuma yake sauti za wanawake zilikuwa zikiimba polepole, sauti kavu.

"Ee, mwaitu."

"Umekula?"

Alitaka kusema ndiyo. Wiki nzima alikuwa anajifunza gharama ya jibu rahisi. "Bado."

"Basi kula," Kavutha akasema. "Waliofunga ni sisi." Na simu ikakatika, au akaikata.

Kaluki alikuwa ameweka uma chini. Alitaka kujua mama amesema nini. Wathome akamwambia ameuliza kama amekula. Kaluki akarudia maneno hayo polepole, akimtazama mumewe kama mtu aliyeletewa wageni wakubwa. Mama? Amekuuliza wewe? Na hayo mambo ya kula? Macho yake yakang'aa, akasema kumbe safari moja tu ya boti inaweza kumbadilisha mtu hivyo, na kwamba hii elfu nane imefaa, kila shilingi yake.

Wathome aliacha uma. Akachukua paja la kuku kwa mkono, akaling'ata, akameza bila kutafuna vizuri. Akachukua pilau. Akala samaki mpaka mfupa, akala viazi, akala hata yale majani ya kijani ya mapambo, haraka, kichwa kimeinama, bila kupumzika kati ya tonge na tonge, kana kwamba akimaliza mapema na kufunga kule Muthetheni kutaisha mapema.

Mchekeshaji alikuwa anapita kati ya meza na kipaza sauti, akitafuta mtu. Akasimama nyuma ya Wathome. "Hebu mnionee huyu mzee," akawaambia watu wote wa boti. "Anakula kama aliyefunga tangu asubuhi."

Boti nzima ikacheka. Kaluki alicheka kuliko wote, akajifuta macho kwa kitambaa cha mezani, akaegemea bega la mumewe. Wathome naye akacheka, kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Kijana mwenye tai alikuwa amesimama kando na trei, akimuuliza kama naye anaongeza, na ilibidi ajibu. Akaisogeza sahani karibu na trei.